Mji wa Kutoa

Mimi sipendi kuhurumiwa, hilo lieleweke mapema. Naishi peke yangu hapa Cheyo, mjini Tabora, nina cherehani yangu na mdomo wangu, na nikiumwa najipikia uji mwenyewe. Kwenye msako wa mafumbo niliingia kwa sababu moja tu. Mwanangu Asmahani, aliyeolewa Dar, alinipigia simu akasema, mama jiandikishe, timu ni ya watu wawili, ukifika fainali napanda treni nakuja tusimame wote. Tangu tumzike baba yake hajakanyaga Tabora. Nikaapa fainali nitafika, hata kwa magoti.

Msako wenyewe ni wa vijana wa redio ya hapa mjini. Wanatega fumbo hewani, wewe unatuma jibu kwa simu. La kwanza lilisema: huzaliwa ziwani, huvaa fedha, hufia juani. Dagaa, nani asiyejua? La pili: chunguni wote wanamtaka, akizidi wanamtema. Chumvi. Yakaja mengine, nikapata nazi na zabibu. Kila nikipata moja nampigia Asmahani, anasema vizuri mama, ngoja nipo kazini.

Jirani yangu Vedasto na mkewe Recheli nao walipata yote manne, wakavimba vichwa. Mimi nikaona, hapana, vijana hawawezi kutuachia kirahisi hivi. Nikachukua vipande vinne vya kitambaa, kila kimoja nikakipa jina la kitu, nikajiuliza vitu hivi vinatoka wapi. Nazi Bagamoyo, zabibu Dodoma, chumvi Uvinza, dagaa Ujiji. Nikavipanga mezani kama walivyotembea wapagazi wa zamani, kutoka pwani kwenda ziwani. Kati ya Dodoma na Uvinza pakabaki pengo kubwa, na hapo ndipo misafara yote ilipokuwa ikitua mizigo. Tabora! Nilicheka mwenyewe chumbani kama mwendawazimu, halafu nikanyamaza, maana hapakuwa na wa kumwonyesha. Na la kufanya na hiyo Tabora sikulijua.

Nikampigia Asmahani kumwambia tumefika fainali, maana waliopata yote manne wote waliitwa. Akaniamkia, akanipongeza, kisha akaanza kuzungukazunguka, mara ruhusa imekataliwa, mara mtoto ana mitihani. Nikamwambia usijali mwanangu, nami ningeweza kulia papo hapo.

Fainali ilikuwa Kwihara, nje kidogo ya mji. Kila timu wawili wawili, na mimi na mkoba wangu. Yule binti wa redio, Doto, alipouliza mwenzangu yuko wapi, nilimjibu yuko njiani. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Doto akatega la mwisho: kila anayepita ananiuliza njia, mimi mwenyewe sijawahi kwenda. Watu wakarusha majibu, kibao, daraja, mlango, Vedasto akasema ni polisi. Yote akayakataa. Mwisho akasema, "Mmeshindwa. Nipeni mji."

Ndiyo desturi ya vitendawili, ukishindwa unatoa mji, aliyetega anautwaa, ndipo anakupa jibu. Wakaanza kumpa Mwanza, Arusha, Dubai, mwingine akampa Ulaya nzima. Doto anatikisa kichwa tu. Akasema upo mji mmoja anaoutaka, na tumeubeba wenyewe tangu fumbo la kwanza. Hapo nikaelewa. Nikaelewa pia kwa nini wenzangu hawatausema hata tukae pale mpaka jua lizame. Toka utotoni tumefundishwa, mji unamolala hautolewi. Ukiutoa, wenzako watakuzomea kwamba huna kwenu.

Nikanyoosha mkono. "Nakupa Tabora."

Recheli akaguna, akaniambia, dada Zamda, mji wako mwenyewe, watu wako utawapeleka wapi? Nikamjibu sina watu. Nilitaka iwe utani, ila haikutoka hivyo, na pale uwanjani hakucheka mtu.

Doto akautwaa mji, akatangaza kwamba jibu ni njia panda, na kwamba kwa kuutoa mji ule nimeshinda. Zawadi ni tiketi mbili za treni hadi Dar, maana timu ni ya watu wawili. Nikala pilau yao nikarudi nyumbani.

Jioni Asmahani akapiga. Kasikia redioni kwamba nimeshinda, anataka kujua hilo jibu lilikuwa nini. Nikamwambia kwanza anipe mji.

"Nakupa Dar, mama," akasema, anacheka.

"Basi Dar ni yangu. Na tiketi ninayo. Wiki ijayo nakuja kukaa kwenye mji wangu."

Nikasikia televisheni ya kwake na mtoto anaitwa akaoge. "Mama," akasema, "nyumba yenyewe ndogo, na mama mkwe yupo hapa tangu Idi. Huo ni mchezo tu, mama."

Nikamwambia najua ni mchezo. Nikampa jibu, nikamweleza habari ya pengo, na jinsi nilivyowapa Tabora mbele ya watu wote. Akafurahi kweli, naye ndipo akarudi kwenye utani wake.

"Sasa mama, Tabora umeshaitoa," akasema. "Utalala wapi?"

Nikamwambia kuna mteja mlangoni, nikakata simu. Hapakuwa na mteja.