Vizibo vya Masikio

Kiwandani walimwita Kisiki, na si kwa sababu ya mbao tu. Ukimtania hacheki, ukimtukana hakasiriki. Anasukuma ubao kwenye msumeno wa umeme, anaupokea upande wa pili, basi. Zamani alikuwa na maneno kuliko kasuku. Ganzi ilimwingia siku mkewe alipojifungua mtoto wao wa kwanza, naye akasimama kwenye korido ya hospitali, sikio mlangoni. Alimsikia mkewe akisukuma. Alimsikia mkunga akihimiza. Alisikia mkasi ukiwekwa kwenye sinia la chuma. Kisha hakusikia kitu, na akaendelea kutosikia kitu, mpaka mlango ukafunguliwa na mkunga akatoka akiangalia viatu vyake.

Mimba ya pili ilipoingia, alisema "sawa". Mkewe alipotaka kununua nguo za mtoto, alisema "tusubiri kwanza". Hakuwa mkatili. Alikuwa anaogopa, ila hata woga wenyewe alikuwa hausikii vizuri, kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa.

Siku moja alirudi kutoka kazini, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, akamkuta mwanamke mgeni amekaa chini sebuleni, anamfundisha mkewe namna ya kupumua.

"Huyu ndiye atakayenisindikiza siku ya kujifungua," mkewe alisema.

"Ni mkunga?"

"Hapana, shemeji," mgeni akajibu mwenyewe. "Mimi sizalishi wala sichomi sindano. Nakaa na mama tangu uchungu unapoanza mpaka mtoto afike. Namkanda, nampa maji, namkumbusha kupumua."

Kisiki alienda kunawa. Kazi gani hiyo, ya kumkumbusha mtu kupumua? Mgeni alipoondoka, akauliza, "Kwani mimi si nitakuwepo?"

"Utakuwepo," mkewe alisema, akikunja nguo. "Lakini utakuwa wapi?"

Neno lile lingemchoma, kama angekuwa na mahali pa kuchomeka. Alikula, akalala.

Uchungu ulipoanza alikuwa kazini, akaenda hospitali na suruali yake ya kazi. Safari hii waume waliruhusiwa kuingia. Alimkuta mkewe amepiga magoti kitandani, ameegemea mito, Msindikizaji pembeni yake. Kusema kweli Kisiki alikuwa amejiandaa kumchukia yule mwanamke, ila hakupewa nafasi.

"Afadhali umefika, shemeji. Kanawe, uje huku nyuma." Akaichukua mikono yake, akaibandika pale kiuno kinapoishia. "Usipapase. Kandamiza, kama unazuia ubao usiruke."

Nani alimwambia habari za mbao? Ina maana alikuwa akizungumziwa. Akakandamiza.

"Hapohapo," mkewe akasema kwenye mto. "Usitoe."

Hakutoa. Kila uchungu ulipokuja alikandamiza, ulipopita alilegeza, na Msindikizaji alimwonyesha kwa kichwa tu, bila maneno mengi. Kazi ilikuwa kazi. Aliifanya vizuri, na hakufikiria lolote.

Kisha mkunga akasogeza sinia lake karibu, chuma kikagonga chuma, akasema, "Sasa sukuma, mama."

Kisiki alitoa mkono mmoja, akapekua mfukoni. Vizibo vyake vya sponji vilikuwemo, vile vya kujikinga na kelele za msumeno. Akakisokota kimoja, akakisukuma sikioni. Akakisokota cha pili. Dunia ikafungwa. Makelele ya mkewe angeyavumilia, hata mchana kutwa. Kile kimya cha baada ya makelele ndicho asingekiweza tena, na aliona kwamba asiposikia chochote, basi hata kimya hatakisikia. Ulikuwa ujanja wa mtu aliyechoka.

Msindikizaji alimwona. Aliushika ule mkono uliotoka, akaurudisha mgongoni kwa mkewe.

Kisiki akafumba macho. Viganjani alihisi mgongo ukikaza, ukitetemeka, ukikaza tena, halafu ukalegea wote kwa pamoja. Hakufumbua. Alihisi mkewe akigeuzwa, akalazwa, na mikono yake ikabaki hewani haina cha kushika. Alipopata ujasiri wa kutazama, mtoto alikuwa kifuani pa mama, amefunikwa shuka, na midomo ya watu inacheza. Akavitoa vizibo.

Kimya.

"Halii," alisema. "Mbona halii?"

"Kwani hukusikia?" Mkewe alicheka kwa uchovu. "Amelia mpaka mkunga akauliza kama tulimlisha betri. Sasa ananyonya, atalia na mdomo gani?" Ndipo akaviona vizibo kiganjani mwa mumewe. Kicheko kikamwisha. "Ulitoka tena," akasema taratibu.

"Mikono yake haikutoka," Msindikizaji akasema. "Mgongo wako ni shahidi."

Kisiki akakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Mtoto alikuwa wa kike, mashavu yanakwenda, mzima. Alijua hii ni furaha, ila ilimfikia kama chakula kinavyomfikia mwenye mafua. Kilio alichokisubiri tangu ile korido kilikuwa kimepita humu chumbani, kila mtu amekipata, na yeye ndiye aliyekifungia mlango.

Mkunga akarudi na sinia. Ilikuwa sindano ya mtoto. Akamchomoa kwenye titi, akampangusa paja, akamchoma. Mtoto akatulia kidogo kwa mshangao, akavuta pumzi, akalia. Kilikuwa kilio kikali, kibaya, kama msumeno uliokutana na msumari.

"Pole mama, pole," mkewe akaharakisha kufungua tena gauni. "Nipeni mwanangu."

"Muache," Kisiki akasema. Sauti ilitoka vibaya; machozi yalikuwa yameshafika kidevuni kabla hajajua kama analia.

"Ameumia, jamani!"

"Najua. Muache kidogo tu. Mimi sijamsikia."

Mkunga alitaka kusema kitu, Msindikizaji akamgusa kiwiko. Mkewe alimtazama mumewe, akafunga gauni, akampokea mtoto na kelele zake zote. Kisha akamnyanyua, akamweka begani kwa baba yake, mdomo ukielekea sikioni.