Mara Elfu Nne Mia Moja na Kumi na Sita

Uligeuza uso. Usiniulize lini, unajua lini. Ulipofika kwenye ukuta wa kiwanda cha viatu, ule ambao bado ni mweusi hadi leo, ulikumbuka ghafla kwamba una simu ya kupiga. Leo simu iweke chini.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Katika maktaba ya muziki ya kituo cha redio, Mama Kanda alikuwa akisugua vumbi la kibodi kwa mswaki mkuukuu. Jina hilo alilipata enzi za kanda, na hakulivua hata kanda zilipotupwa na nyimbo zote elfu kumi na moja zikahamia ndani ya kompyuta moja ya kijivu iliyokohoa kila ilipowashwa. Kila wimbo ulikuwa na nyota, moja hadi tano, alizoupa yeye kwa sikio lake mwenyewe, na hesabu ya mara ambazo kituo kiliupiga hewani. Kileleni mwa orodha, juu ya nyimbo za mapenzi na za mpira, ulikaa wimbo wa kwaya ya wanawake wa kiwanda cha viatu, uitwao "Kufuli". Nyota tano. Mara 4,116.

Aliyeongoza sauti alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, waliyemwita Chiriku kwa sababu hata usingizini hakunyamaza. Wimbo ule ulikuwa malalamiko. Ulisema chumba cha gundi hufungwa kwa kufuli, tena kwa nje, kila zamu. Moto haupigi hodi, waliimba, ufunguo uko mfuko gani? Lakini ulikuwa na mdundo mtamu, na mwenye kushikwa na mdundo haulizi maneno. Mliucheza harusini. Mliuomba kwa simu, na salamu kwa mashemeji. Miaka saba mlikata kiuno juu ya kufuli lile, mpaka siku gundi iliposhika moto na wanawake ishirini na watatu wakafa wamelundikana nyuma ya mlango. Walizikwa shimo moja, maana hapakuwa na namna ya kujua huyu ni nani na yule ni nani. Mama Kanda hakuwa na kaburi la kusema hili la mdogo wangu. Alikuwa na ile hesabu.

Tume iliundwa. Mwenye kiwanda, ambaye ndiye pia mwenye kituo cha redio, aliapa mbele yake kwamba hakuna mtu mjini aliyewahi kusikia malalamiko yoyote kuhusu mlango. Mama Kanda akautaja wimbo wa kwaya, na Tume ikaandika barua kituoni: Jumatatu tuleteeni hesabu ya maktaba, tuone wimbo huo ulipigwa mara ngapi.

Mama Kanda hajamaliza kibodi, akaingia meneja, yule waliyemwita Bwana Pasi kwa kuwa mkunjo wa suruali yake ungeweza kukata mkate. Nyuma yake alikuja fundi wa kompyuta.

"Shikamoo mama," alisema fundi.

"Marahaba, mwanangu."

Meneja hakuwa na salamu. "Mama, leo usafi. Folda zote zipangwe kwa herufi, A mpaka Z. Maktaba imekuwa kama gulio."

"Zipangieni humo humo ndani ya programu basi," alisema Mama Kanda. "Mkizihamisha kwa nje, programu itadhani za zamani zimekufa na hizi zimezaliwa leo. Nyota na hesabu zitabaki kwa marehemu."

"Kwa nje ni haraka zaidi."

"Haraka ya nini? Barua inasema Jumatatu."

"Ndiyo maana," alisema meneja.

Mama Kanda alimgeukia fundi. "Mwanangu, toa nakala kwanza. Nakala ya kila kitu."

"Usiwe na wasiwasi, mama."

Kisha meneja akamtuma chai ghorofa ya chini. Mwanamke wa miaka ishirini na sita kazini, na alikwenda, kwa sababu barua ya kufukuzwa huandikwa upesi kuliko chai inavyochemka. Huku nyuma fundi alichomeka flashi akanakili nyimbo zote elfu kumi na moja, moja baada ya nyingine. Hakunakili lile faili dogo, jepesi kuliko wimbo mmoja, ambamo nyota na hesabu zote huandikwa. Hakujua kama lipo. Alidhani hesabu inakaa ndani ya wimbo kama kokwa ndani ya embe. Kisha akazihamisha zote kwa nje, A mpaka Z.

"Hata wimbo mmoja haujapotea," alimwambia Mama Kanda aliporudi na chai, kwa fahari, na alisema kweli.

Mama Kanda aliutafuta wa Chiriku akaukuta umetulia kwenye K. Nyota: hakuna. Mara: 0. Wakafungua flashi. 0.

"Mama, mimi wallahi sikujua..."

"Wewe hukujua. Aliyejua ni huyo."

Bwana Pasi alipuliza chai yake. "Wimbo si upo? Sasa msiba wa nini?"

Kesho yake, Jumapili, kinyozi wa mtaa wa nyuma alimnyoa mteja wake wa kwanza, na nyuma ya sikio la kulia akakuta namba 312 na chini yake nyota nne. Alipangusa kwa spiriti. Haikutoka.

"Una namba huku," alisema.

"Ngapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili."

"Mh," alisema mteja. "Zile harusi. Wewe punguza juu, huko nyuma uache."

Kufikia adhuhuri ilishajulikana kwamba kila mtu anayo: mara alizousikia wimbo wa kwaya, na nyota alizoupa moyoni bila kumwambia mtu. Watoto waliozaliwa baada ya moto walikuwa safi. Fundi alikuwa na 90. Bwana Pasi 655, nyota tatu. Mama Kanda alijitazama kwa vioo viwili akasoma 3,940. Namba ya mama mzazi wa Chiriku ilipanda kwa moja kila asubuhi, kwa sababu bado aliupiga kwenye simu akifua. Hakuna aliyepiga kelele. Vitambaa vya kichwa viliisha madukani, na wanaume wakaanza kufuga nywele nyuma ya masikio. Mtindo huo mliuita kivuli, mkasifiana.

Jumatatu Tume ilikaa. Mwenye kiwanda alikuwa safu ya mbele, na feni ilipogeuka upande wake ikamwinua nywele: 1,208, nyota tano. Aliupenda. Aliusikia akiwa ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, kidole kikipiga mdundo kwenye usukani, na ufunguo u mfukoni mwake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Mama Kanda, "naomba Tume isome sikio la bwana huyu."

"Masikio si vielelezo, mama. Tume inapokea karatasi."

"Basi niandikie karatasi kutoka kwenye lako. Nimelisoma ulipogeuka. Mia nne na mbili."

Watu wakacheka. Mwenyekiti alishusha kofia yake kidogo. "Kielelezo cha kituo kinasema sifuri."

"Hiyo ni sifuri ya juzi."

"Sifuri haina umri, mama. Kaa."

Alikaa. Karani mwenye 257 na nyota tano, akitikisa mguu bila kujijua, aliandika: hapakuwa na malalamiko yaliyosikika. Akagonga muhuri.

Siku hizi namba hizo ni jambo la kawaida. Fomu za kuomba kazi zina mstari wake, na mbele wameandika si lazima. Wachumba huulizana. Wasiotaka kuulizwa hujifunga kitambaa, na hakuna anayewalazimisha kukifungua. Kiwanda kilifunguliwa tena mwezi uliofuata. Ukuta haukupakwa rangi. Chumba cha gundi kimepata mashine mpya, wanawake wapya thelathini, na kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza, linalofungwa kwa nje.

Pingamizi dhidi ya ripoti linapokelewa mpaka Ijumaa saa kumi jioni, jengo la Tume, dirisha la tatu. Wanataka karatasi na sahihi. Mama Kanda amepeleka ya kwake. Mbele yake hapakuwa na mtu, na nyuma yake hapakuwa na mtu, mji mzima wenye masikio mawili mawili.

Sasa wewe. Toa hicho kitambaa. Mwambie aliye karibu nawe akusomee, akitamka kwa sauti, namba yote na nyota zote. Iandike. Tia sahihi. Nenda. Usiniambie kesho, zamu ya mchana imeshaingia na mlango umeshafungwa.