Chumba cha Pazia la Manjano

Mtoto mchanga alisifiwa mpaka sifa zikaanza kutisha.

"Huyu si mtoto, ni mgeni mwenye adabu," mama mkwe alijigamba. "Halii, hasumbui. Baba yake alitutoa roho!"

Mkaza mwanawe, mama wa mtoto, alicheka kidogo. Tangu jana maziwa yalikuwa yakimlowesha kifua; mtoto hunyonya mara mbili, kisha hulegea kama kitambaa kilicholowa maji.

Nesi anayetembelea wazazi majumbani aliingia, akatazama dirishani. Pazia lilikuwa limelichuja jua hata kuta, mashuka na viganja vya watu vikawa rangi moja, manjano.

"Kwa nini mmefunga?"

"Upepo, mwanangu. Si unaona alivyotulia?"

"Mama, kimya kingi kina mshindo mkuu."

Akalivuta pazia.

Mwanga ukamwagika. Shuka likarudi kuwa jeupe, ukuta ukarudi kuwa ukuta, viganja vya mama mtu vikarudia rangi yake. Kila kitu kilirudi, isipokuwa mtoto. Yeye alibaki manjano, kana kwamba pazia limehamia ndani ya ngozi.

Mama mkwe alirudi nyuma. "Nani kamgusa mtoto huyu?"

"Hakuna aliyemgusa." Nesi alibonyeza ufizi, kisha unyayo. "Manjano imefika mpaka miguuni. Ikiingia kwenye ubongo, madhara yake hayafutiki. Twende hospitali sasa hivi."

"Si tumwanike juani kwanza?"

"Mama, mtoto si nguo."

Hospitalini walimpima damu, wakamlaza uchi chini ya taa za buluu, macho yamefunikwa. Mwanga ule uligeuza kila uso. Midomo ya mama mkwe ilikuwa kama ya maiti. Mtoto alionekana baridi, kama aliyekwisha kwenda. Mama yake akanyoosha shali amfunike.

Nesi, aliyekuja nao, alimdaka mkono. "Usimfunike. Taa itatibu shali, si mtoto."

"Nimwache hivyo hivyo?"

"Mwache. Najua inauma."

Mama yake akaikumbatia shali mwenyewe, akangoja.

Jioni damu ilipimwa tena: manjano imeanza kushuka. Nesi akazima taa ili mtoto anyonyeshwe, akamfunua macho. Mtoto aliyafumbua taratibu, akamkazia mama yake macho, kama mtu aliyeitwa akiwa mbali sana na sasa anatafuta ni nani aliyemwita.

"Ni mimi, baba," mama alinong'ona. "Ni mimi."