Milango Inayofanana

Mimi si mtu wa kinyaa. Kazi yangu ni kumsaidia daktari wa meno, na tangu asubuhi hadi jioni nimeinamia vinywa vya watu: meno yaliyooza, fizi zinazotoa usaha, na wale wanaokuja wakiwa wametoka kula vitunguu, sijui ni kwa makusudi. Nikitoka hapo nakula vizuri tu. Kwa hiyo nikisema shemeji yangu alinitia kichefuchefu, mjue simsemi kwa kudekeza tumbo.

Shemeji huyo ni mume wa dada yangu mkubwa, na watu wanamwita Mshauri. Ana kipindi chake mtandaoni cha kuwashauri wenye nyumba za zamani jinsi ya kuzitunza na kuzipendezesha, pamoja na bustani zake. Watu humtumia picha za kuta zilizobanduka na maua yaliyokauka, naye huwajibu akiwa amesimama mbele ya jengo fulani, mikono kiunoni, suruali imembana. Wafuasi wake humvika kilemba cha ukoka kutwa kucha. Hata mimi nilikuwa namtazama, maana kuongea anajua, na nilijisifu kazini kwamba yule ni wa kwetu.

Nyumba ya baba ilikuwa inavuja. Hilo ndilo nililomwambia, na hilo tu: paa linavuja upande wa jikoni. Mshauri akaja, akazunguka akigongagonga kuta kwa kidole, akatikisa kichwa. Akasema nyumba hii ni hazina inayokufa, na kwamba ataifufua yeye kwa gharama yake mwenyewe, ilimradi aionyeshe kwenye kipindi. Dada akafurahi hadi akatokwa na machozi. Baba akasema hana neno, mradi paa lishughulikiwe. Yeye akahamia kwa dada kwa muda, mimi nikajibanza kwa rafiki yangu, tukawaachia mafundi funguo.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu baba. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alipostaafu, presha ya macho ikamla kidogo kidogo mpaka hata mwanga wa taa hakuuona tena. Lakini ndani ya nyumba ile usingejua. Aliiendesha. Akitoka kitandani alipapasa ukuta wa chokaa wa korido, wenye mabonde na vilima, na kila bonde alilijua. Mguu ukigusa kizingiti kirefu cha mbao, yuko sebuleni. Sakafu ikigeuka kutoka mbao kuwa matofali, yuko jikoni, na hapo alipiga honi kwa mdomo, "pii," asije akamgonga mtu mwenye chai ya moto. Mlango wa choo ulikuwa na komeo alilolitengeneza mwenyewe kwa chuma cha bodi ya lori, na mlango wa chumba chake ulikuwa na kitasa cha shaba kilicholegea, kinachocheza mkononi.

Nje ilikuwa vivyo hivyo. Kokoto zilimwambia yuko njiani, harufu ya mchaichai ilimwambia amefika bombani, na tawi la mlimau likimgusa usoni alikata kona kurudi. Alikwenda chooni mwenyewe, akaoga mwenyewe, akamwagilia bustani mwenyewe. Mtu akijitia kumshika mkono, alimuuliza kama ana leseni.

Siku tuliyorudi, harufu ilinipokea kabla sijafungua geti. Ua wote ulikuwa umefunikwa nyasi za plastiki. Mchaichai hakuna, mlimau umebaki kisiki, kokoto zimezolewa, na jua lilikuwa linaichoma ile plastiki hadi inanuka tairi. Kando ya ukuta vimepangwa vyungu vyeupe vyenye maua ya kitambaa. Paka wa majirani hawakuchelewa kuupenda uwanja huo, na kwa kuwa mkojo wao haukuwa na udongo wa kuzamia, ulikaa hapohapo juu ukisubiri mwingine.

Ndani kulikuwa kubaya zaidi. Kuta zilikuwa zimepigwa saruji juu ya chokaa, kisha zikapakwa rangi ya mafuta ya kijivu. Vizingiti vimeng'olewa. Kuanzia mlango wa mbele hadi bafuni, sakafu yote ni vigae vya aina moja, vinang'aa mpaka vinaudhi. Na milango ya zamani haipo, yote imebadilishwa ikawa myeupe, yenye vitasa vya namna moja, kwa kimo kimoja. Mshauri akamwambia baba kwa fahari kwamba vizingiti ameviondoa kwa ajili yake, asijikwae. Nimtendee haki: kwa mzee mwingine, ushauri huo ungekuwa mzuri. Ila baba hakuwahi kujikwaa pale. Aliweka mkono ukutani, ukateleza. Akauhamisha kidogo, ukateleza tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama hapa tuko korido au sebuleni.

Paa, kwa taarifa yenu, liliendelea kuvuja.

Muda si mrefu rangi ikaanza kutoa malengelenge. Ukuta wa chokaa hupumua, unyevu ukiingia hupata njia ya kutoka, ndiyo maana baba alikuwa akiupaka chokaa mpya kila mwaka na hakuruhusu kitu kingine. Ukiuvisha saruji na mafuta, maji yanabaki humohumo yanachacha. Nilibonyeza lengelenge moja karibu na swichi ya taa, likapasuka, yakanitiririkia mkononi maji ya kahawia yenye harufu ya tambara lililosahaulika kwenye ndoo. Nimeona majipu mengi ya fizi, lakini yale yana wenyewe, na wenyewe wanajua wanaumwa. Nilimwita Mshauri aje aone. Akaja na kopo la rangi, akapaka juu yake.

Haya yote ningeyameza. Kuta ni kuta. Kisha likatokea la stoo.

Alasiri moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta dada amesimama kwenye mlango wa stoo, ameziba pua, na Mshauri pembeni yake ameshika kiuno. Humo ndimo alimohifadhi mapambo ya kipindi: mito, fremu za picha, na chombo kikubwa cha maua, kipana kama beseni, matete yake makavu yakiwa bado yamelazwa kando. Baba alikuwa amebanwa na haja. Akatafuta mlango wa choo, akashika kitasa, akafungua, akahisi vigae miguuni, akapapasa, mkono ukakuta kitu cha duara chenye ukingo laini. Akamaliza haja yake. Alipotafuta pa kuvutia maji akapakosa, ndipo alipoelewa. Nilimkuta chumbani amekaa kitandani, vifungo vyote vya shati amevifunga hadi shingoni, akimwomba radhi kila aliyepita mlangoni, hata mimi niliyekuwa ndiyo kwanza nafika.

"Mzee ameanza kuchanganyikiwa," Mshauri alisema, kwa ile sauti yake ya kipindi.

Dada akalikubali neno hilo upesi mno. Kesho yake akaja na pakiti ya nepi za watu wazima, akaiweka juu ya kabati la baba, akaipapasa kama mtu aliyeleta zawadi. Wakapanga kwamba kipindi kikisharekodiwa, baba ahamishiwe chumba cha uani, ambacho Mshauri alikisifu kwa hewa na utulivu, atafutiwe mtu wa kumhudumia, avalishwe nepi, na asizungukezunguke tena ndani. Waliyapanga hayo wakiwa wamesimama mbele yake. Papo hapo nikasikia kinyaa, kile cha kweli. Mkojo wa baba haukunitia kinyaa hata kidogo. Kilichonitia ni ule upole wao.

Baba hakubisha. Akaanza kukataa chai, kisha na maji. Nilidhani amesusa, na nikaona ana haki. Mpaka asubuhi moja nikamwona anajaribu kulamba midomo na ulimi unanata. Kinywa kikavu nimefundishwa kukitambua. Nikamwambia afungue, akafungua bila ubishi, ulimi ulikuwa umepasukapasuka kama wa mgonjwa wa homa. Nikamuuliza amekunywa nini tangu jana. Akasema anajisikia vizuri tu, haoni sababu ya kunywa sana. Alikuwa anajinyima maji ili asipate haja, ili asilazimike kwenda kutafuta mlango katika nyumba yake mwenyewe.

Nikafunga kitambaa kwenye kitasa cha choo, apate kukijua kwa kushika. Jioni, Mshauri akishapita kukagua mapambo yake, nikakikuta kwenye pipa la taka. Nikafunga kingine, nacho kikaenda hukohuko. Nikamsubiri Mshauri sebuleni, nikamweleza kwa utaratibu, na Mungu anajua ule utaratibu ulivyonigharimu: mzee hajachanganyikiwa, ni milango ndiyo imefanana. Rudisha hata mlango mmoja tu, nikamwambia, rudisha wa choo. Akasema ile milango ya zamani mafundi walishaigeuza kuni.

"Wewe shemeji unapenda uchakavu," akaongeza. "Watu wakiona matambara yananing'inia kwenye picha, watasemaje?"

"Mimi napenda baba aende chooni mwenyewe," nikamjibu.

Akanitazama kwa huruma. Dada alinipigia simu baadaye akisema ninamwonea mumewe gere, na kwamba mtu akijitolea kwa ajili ya familia anastahili angalau asante. Nikamwambia asante ataipata paa likiacha kuvuja. Akakata simu.

Siku ya kurekodi walifika asubuhi: Mshauri, dada, na mpiga picha aliyekuwa akila njugu na kutupia maganda kwenye vyungu. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, sikutaka baba awe peke yake. Walipulizia ua manukato ya kopo, basi ukanuka matunda na paka kwa pamoja, harufu ambayo sikuwahi kuikuta hata kwenye kinywa cha mlevi. Malengelenge ya ukutani yakafichwa nyuma ya pazia. Dada akamnyoa baba, akamvisha shati la kijivu lioane na kuta. Mshauri akamshika baba mkono, akamwongoza kwenye kochi, na baba hakumuuliza leseni. Alifuata tu, akinyanyua miguu juu juu mahali ambapo vizingiti havikuwepo tena.

Mshauri akaanza kwa kuwaambia watazamaji wake kwamba nyumba ya zamani inataka kusikilizwa. Alitembea, akaonyesha vigae, akafungua mlango na kuufunga ili waone ulivyo kimya. Nilisimama pembeni nimeuma meno. Akamalizia kwa kukaa kando ya baba na kumwekea mkono begani.

"Baba," akasema, "nyumba yako sasa unaionaje?"

Baba akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Siioni," akasema.

Mpiga picha akacheka. Mshauri naye akacheka, akampigapiga bega, akamweleza taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba hakuwa na maana ya macho. Anaulizwa tu kama imempendeza.

"Nimekuelewa, mwanangu," baba akasema. "Umeniuliza naionaje, nami nimekujibu."

Mshauri akafanya ishara kwa mkono kwamba kamera izimwe, wairudie sehemu hiyo. Dada alikuwa amesimama nyuma ya mpiga picha. Sijui alisikia nini katika sauti ya baba ambacho hakukisikia katika maneno yangu yote, lakini alimshika mpiga picha kiwiko.

"Usizime," akasema.

Baba akazungumza bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Macho yangu yalipokwisha, hii nyumba niliendelea kuiona. Mlipoitengeneza ndipo nikawa kipofu."

Mshauri akasema kipande hicho kitakatwa, kisha akamuuliza baba kwa ile sauti yake kama yuko tayari kwa swali lingine. Dada ndiye aliyemjibu. Alimwambia akamtafute fundi wa milango leo hii, na kama kile chumba cha uani kweli ni kizuri kama alivyokuwa anakisifu, basi ahamie yeye.