Nyumba ya Wasemaji

Mshona sare za shule alikuwa na kifafa tangu utotoni, na hakukificha, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Kabla hajabeba mimba daktari alimbadilishia dawa, akamwambia hizi usiziache hata siku moja. Hakuziacha. Alimeza asubuhi, akameza jioni, miezi tisa mizima hakuanguka hata mara moja. Mtoto akazaliwa na kilo tatu na ushei, na sauti ya dalali wa mnada.

Basi sauti ikaishia hapo. Leo ana miaka miwili na miezi mitatu, anapanda meza, anaficha mikasi ya watu, lakini neno hana. Mama mtu alishajihukumu moyoni: ni vile vidonge vyangu. Akaapa kwamba mtoto akishindwa leo kliniki, anakopelekwa kupimwa usemi, habebi tena mimba, na kiapo hicho hakumwambia hata mumewe.

Mama mkwe akasema hawezi kumwachia mkamwana wake jambo zito peke yake. Wifi naye akavaa viatu. Jamani, hawa si watu wabaya, ila midomo walijaliwa. Mtu akipiga chafya kwao, mmoja anampa pole na mwingine anamweleza sababu.

Muuguzi, mama mtu mzima asiye na haraka, alipima masikio kwanza, akaridhika. Kisha akamwonyesha mtoto picha. "Hii nini?"

"Paka," akajibu bibi.

"Nimemuuliza mtoto, mama."

"Ndiyo, na mimi ndiye bibi yake."

Akaonyesha ya pili. "Mpira," akasema wifi. "Mpira anaujua sana, tena anapenda wa bluu."

Mtoto akatupia jicho kikombe. Hata mkono hajanyoosha, mama yake alishamnywesha maji. Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Nyumbani huwa hivi?"

"Hivi vipi?" wakauliza wote watatu kwa pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mtoto afikishe mwaka bila neno. Kila mmoja, kwa woga wake, alimwahi asije akaaibika. Muuguzi akawatoa nje bibi na wifi, akafunga mlango. "Na wewe, dada, uma midomo mpaka nikwambie."

Mtoto akatazama picha ya paka. Mshonaji alitamani kusema paka, alitamani hata kulia kama paka, lakini akauma midomo.

Mara simu ya mshonaji ikalia mkobani kama kila siku: saa tatu, wakati wa kidonge. Mshonaji akatulia, maana hakuwa ameambiwa aachie midomo. Mtoto akamtazama mama, akamtazama muuguzi, akaona leo watu wazima hawana faida. Akashuka kitini, akauburuta mkoba, akachomoa kikopo.

"Mama, dawa."

Machozi yakamtoka mshonaji, akacheka humohumo. Muuguzi akaandika: maneno mawili, ameyaunganisha. Mshonaji akamuuliza kama ni vidonge hivi vilivyomchelewesha mtoto.

"Meza kwanza," akamwambia. "Siwezi kukuapia kwamba dawa haikumchelewesha hata kidogo. Zipo zinazodhuru zaidi, ndiyo maana ulibadilishiwa mapema. Lakini ungeacha ukaanguka naye tumboni, pengine leo tusingekuwa na wa kumuuliza. Mlete tena baada ya miezi mitatu. Na nyumbani mpeni nafasi aseme."

Mshonaji akameza, akafuta uso. "Na nikitaka wa pili?"

"Uje kabla ya mimba, tupange. Usije tumbo likishaonekana."

"Nitakuja," akasema, na kile kiapo akakiacha palepale.

Nje, bibi na wifi walikuwa wameganda mlangoni. "Kasema? Kasema nini?"

Mshonaji akafungua mdomo ajibu, akaufunga. "Muulizeni mwenyewe."

Bibi akachuchumaa kwa taabu ya magoti yake. "Baba, umesema nini mle ndani?"

Mtoto akamtazama bibi mdomoni, akingoja jibu litoke hukohuko kama siku zote. Bibi akaubana mdomo kwa vidole viwili, jasho likimtoka, akasubiri mpaka mtoto akaanza mwenyewe.