Kushoto Juu ya Kulia

Barua ya mnunuzi Mjapani ilikuwa na aya mbili na picha moja. Aya ya kwanza ilisema makoti ya wanaume, elfu tatu, yamefika salama na yanapendeza. Ya pili ilisema makoti ya wanawake, elfu tatu vilevile, hayataingia dukani kamwe, na kiwanda kieleze kwa maandishi ni nani aliyeamua yafungwe upande ule. Picha ilionyesha koti moja limevalishwa sanamu ya dukani, na mshale mwekundu umechorwa kifuani.

Mbunifu aliisoma akiwa amesimama. Mshale hakuuhitaji.

Koti lile lilikuwa lake tangu mstari wa kwanza. Lilikuwa koti jepesi la kukimbilia, unalikunja likaenea kiganjani, na ndani yake alikutanisha sanaa mbili zisizofanana. Kwa Wajapani alichukua kifua kinachopishana kama cha kimono, joho lao la asili, na mlima wa rangi bapa zisizo na kivuli, kama zilivyo picha zao za kale zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Kwa wachoraji wa Ulaya, wale wa rangi za mafuta, alichukua mwanga: mikono ilianza na giza kwenye kifundo, ikapambazuka kidogo kidogo hadi begani. Mkimbiaji akitupa mikono, giza na mwanga vilipita mbele ya mlima uliotulia. Miezi minane aliihangaikia kazi hiyo hata usingizi ukawa wa mang'amung'amu.

Na kanuni aliijua. Aliisoma mwezi wa kwanza, akaiandika daftarini kwa mkono wake: kimono, iwe ya mwanamume au ya mwanamke, upande wa kushoto hulala juu ya upande wa kulia. Kulia juu ya kushoto huvalishwa maiti.

Aliyekata patani, yaani zile karatasi ngumu zinazofuatwa wakati wa kukata kitambaa, alikuwa baba yake mdogo. Kiwandani walimwita Sentimita, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta amekosea hata moja. Ndiye aliyemlea mbunifu tangu alipofiwa na baba, na ndiye aliyemshika mkono akamwingiza kiwandani. Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyo alikata nguo za kizungu, nazo zina desturi yake: vazi la mwanamume hufungwa kushoto juu, la mwanamke kulia juu. Mwezi wa tano alisimama kwenye mlango wa chumba cha michoro, patani kwapani.

"Binti, hili la wanawake nigeuze?"

Mbunifu alikuwa kwenye simu na watu wa kutia rangi vitambaa, wakivutana juu ya nili ambayo kila ikikauka inageuka zambarau. Akaifunika simu kwa kiganja. "Geuza, Baba mdogo. Kama kawaida."

"Basi nipe fomu yake."

"Nitakuletea."

Hakupeleka. Pale kila badiliko lina fomu, na kila fomu ina sahihi. Sentimita hakuwahi kugusa mkasi bila fomu isipokuwa mara hiyo moja, kwa sababu aliyemwagiza alikuwa mwanawe.

Habari ya barua ilishuka ngazi kabla ya barua yenyewe. Mbunifu alipopita ukumbi wa kushonea, msimamizi wa cherehani, mama mnene aliyebandikwa jina la Redio, alikuwa amekwisha kuitangaza.

"Kumbe tumeshona sanda zenye zipu."

"Tena sanda za mbio," akadakia mwenzake. "Maiti wetu hawachelewi mazishi."

Wakacheka, lakini miguu haikutoka kwenye pedali.

Saa nne waliitwa kwa mkurugenzi, mtu mkavu ambaye hakuwa na desturi ya kupandisha sauti. Alitandaza mezani mchoro na patani.

"Mchoro unasema kushoto juu. Patani inasema kulia juu. Katikati hakuna karatasi. Fundi, nani alikwambia ugeuze?"

Sentimita alimwangalia mbunifu, wala si kwa jicho kali, alimwangalia kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Mbunifu aliuona upenyo. Alijua pia kilichokuwa upande wa pili: mbunifu aliyeijua kanuni, akaiandika, kisha akasema geuza, hatapewa penseli tena na mtu yeyote.

"Ni mazoea," mzee akasema hatimaye. "La wanawake huwa nageuza."

"Bila kuuliza?"

Mzee akamtazama tena mbunifu, na safari hii mkurugenzi aliyafuata macho yake.

"Alikuuliza?"

"Sikumbuki," akasema mbunifu.

Sentimita alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali kipimo alichosomewa. "Kama yeye hakumbuki," alisema, "basi sikuuliza."

Kikao kilichukua dakika kumi na moja. Kabla ya saa kumi jioni mzee alikuwa amekwisha kumwaga unga, akatoka getini na mikasi yake miwili imefungwa kwenye gazeti.

Asubuhi yake mbunifu alipiga moyo konde akamwendea mkurugenzi.

"Mimi ndiye niliyemwambia ageuze. Aliniuliza, nikamjibu."

Mkurugenzi hakushtuka. "Barua kwa mnunuzi iliondoka jana. Imemtaja fundi."

"Iandikwe nyingine."

"Iseme nini? Kwamba mbunifu wetu alijua? Wale wanatuletea kazi kwa ajili ya michoro yako. Fundi wa kukata nitampata mwingine kabla ya Ijumaa." Akachomeka kifuniko cha kalamu. "Umesema, nimesikia. Rudi kazini."

"Na Baba mdogo?"

"Hapa hatukuwa na baba mdogo wa mtu. Tulikuwa na fundi."

Saa ya chakula alikwenda kwa mzee. Mama mdogo ndiye aliyefungua. Siku nyingine angemvuta mkono hadi jikoni, leo alimfutia kiti cha sebuleni kwa kitambaa, kama anavyofutiwa mgeni. Mzee alikuwa amekaa mezani, amevaa viatu vya kazini.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba."

"Nimemwambia mkurugenzi. Nimemwambia ni mimi."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

"Mimi niliulizwa jana," mzee akasema.

Mama mdogo alisimama nyuma ya kiti cha mumewe. "Na bosi wako amesemaje?"

"Barua imeshaondoka."

"Kwa hiyo wewe uko kazini."

"Niko kazini, mama."

Mzee akauliza, akiwa anakiangalia kiganja chake, "Kule cherehani wanasemaje?"

Mbunifu alitamani kudanganya akashindwa. "Wanasema umezeeka. Eti siku hizi hutofautishi kulia na kushoto."

"Kazi ningeachishwa tu, leo au kesho," mzee akasema. "Hilo ndilo sikulitegemea."

Hakumsindikiza.

Mbunifu alirudi kiwandani akaenda moja kwa moja ukumbini. Alisimama mbele ya meza ya Redio na kusema kwa sauti ambayo safu mbili za cherehani ziliisikia:

"Sentimita hakukosea. Aliniuliza, mimi nikamwambia geuza. Jana nilikana."

Redio aliinua mguu kwenye pedali. Wenzake nao wakasimamisha, na ukumbi ukanyamaza. Redio alimtazama, uso ukamlainika.

"Dada, si lazima," alisema. "Sote tunajua ni mzee wako. Mtoto mwenye adabu lazima amfichie baba yake aibu."

"Simfichii. Ni kweli."

"Mwone," Redio akawaambia wenzake. "Angekuwa mwingine angekwisha kumkana. Mungu akujalie roho hiyo hiyo, dada."

"Amina," akasema wa safu ya nyuma, na cherehani zikaanza tena, mojamoja, mpaka zote zikalia.