Namba Kwenye Madigadi

Vumbi la Gudele, mtaa wetu hapa Juba, huamka kabla yetu. Nikifungua mlango saa kumi na mbili nalikuta limeshakaa: juu ya jerikeni, juu ya viatu vya mwanetu Rejoice, juu ya kiti cha baiskeli yako. Jekundu, laini, halina adabu. Nalipangusa, linarudi, nalipangusa tena.

Beba pampu. Ndivyo ulivyokuwa ukisema, Lino, ukijiambia mwenyewe kwa sauti, umechuchumaa uani kila asubuhi. Beba viraka na solusheni. Beba spana. Beba maji, maana kutoka hapa hadi bandarini kuna jua la kutosha kumkausha mtu. Beba koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe. Beba kitambulisho, mfuko wa juu, mahali mkono unapofika polepole bila kumtia wasiwasi mwenye bunduki. Vyote ulivifunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, ukavuta, ukajaribu, ukafunga upya.

Nami nilikucheka. "Baba Rejoice, unaenda kazini au unahama?" Tulikuwa tumeshahama mara za kutosha, na utani ule haukuwa mzuri, lakini niliurudia kila asubuhi kwa sababu ulikuwa wangu.

Sasa nabeba mimi. Baiskeli ni ile ile, njia ni ile ile, bandari ni ile ile. Wewe ulichomelea vyuma vya matishari yanayoshuka na mto kwenda kaskazini. Mimi nashona magunia ya mtama yaliyopasuka kabla hayajapakiwa. Nabeba pampu, nabeba maji, nabeba sindano ndefu kuliko kidole changu, imechomekwa kwenye kitambaa. Hakuna anayenicheka mlangoni.

Beba namba. Hilo nalo ulilisema, na hilo ndilo lililotuua.

Kule kambini Adjumani, Uganda, kila baiskeli iliandikwa namba ya simu kwenye madigadi ya nyuma. Baiskeli ikipotea, mtu anapiga. Mtu akianguka njiani, mtu anapiga. Uliandika namba yangu kwa rangi nyeupe, ulimi umeutoa nje kama mtoto wa shule, na saba yako ikatoka na mkia. Nilikuwa mke ambaye mume wake anatembea na namba yake mgongoni, na nilijivuna, nasema kweli.

Kisha tukarudi. Juba tukanunua laini mpya, na ile ya Uganda nikaitoa kwenye simu, nikaitupa ndani ya kopo la vifungo. Nikasema, haina kazi tena. Ukasema, Jumamosi nitaandika mpya. Jumamosi ikaja, ukakosa rangi. Jumamosi ikaja, ukapata rangi, ukakosa brashi. Jumamosi zikaja miaka miwili, Lino, nami nikiiona ile namba kila asubuhi ikiondoka na wewe uani, namba iliyolala ndani ya kopo, wala sikusema kitu.

Jumatatu ile hukufika bandarini. Jumatatu ile hukurudi nyumbani. Nilizunguka na picha yako siku tatu, wodi kwa wodi, na kila nilipouliza walitikisa kichwa, kwa sababu kwenye madaftari yao hukuwa na jina.

Ni Josline aliyekumbuka. Josline, jirani yetu Mganda, mwenye duka na sola ya kuchaji simu za mtaa mzima. "Poni, ile namba ya baiskeli, ile laini yake iko wapi?" Nikamwaga vifungo sakafuni. Tukaitia kwenye simu yake ndogo, tukangoja. Ujumbe ukaingia. Ukaingia mwingine. Namba moja, ngeni, ilikuwa imenitafuta mara saba: ya kwanza saa moja na dakika kumi, ya mwisho saa tatu kasoro dakika tano.

Nikapiga. Akapokea mwanamke aitwaye Nyachuol, muuza chai pale njia panda, aliyekulia kambi ya Kakuma, Kenya.

"Ni wewe ndio bibi yake?" akauliza. "Mama, nilikupigia. Gari ya maji ilimgonga hapa mbele yangu. Simu yake na kitambulisho watu walishachukua. Kuongea hakuweza, lakini alikuwa anaonyesha hiyo namba kwa kidole. Nikapiga. Akaonyesha tena. Nikapiga tena. Watu walisema tusimguse mpaka mtu wake afike, tusije tukaulizwa sisi. Baiskeli yake nimekuwekea hapa."

Walimngoja mtu wako, Lino. Karibu saa mbili nzima, juani, waliningoja mimi. Nilikuwa nyumbani nafua shati lako, na simu yangu mpya ilikuwa mfukoni, imejaa chaji.

Ulikata roho ndani ya gari la polisi. Nimeambiwa ulikuwa bado umenyoosha kidole. Sijui kama ni kweli, wala sitauliza tena.

Siku arobaini zilipita, kisha mchele ukaisha, nikaipanda baiskeli. Hapo ndipo hofu iliponiingia vizuri. Nikianguka mimi, nani ataambiwa? Rejoice ana miaka tisa, hana simu, hana shangazi mjini hapa. Atakaa mlangoni na viatu vyake miguuni, akinisubiri, mpaka lini?

"Andika yangu," akasema Josline. "Mimi simu yangu haizimangi. Mimi iko hapa kila siku." Akashika baiskeli isiyumbe, nikachovya brashi. "Hii ya zamani tunaifuta?"

Nikaitazama ile saba yenye mkia. Sikuweza. Namba ya Josline nikaiandika chini ya ile uliyoiandika wewe, ili siku nikianguka mimi Rejoice aambiwe. Na ile laini ya kopo nikaitia kwenye kisimu cha vitufe, nikakichaji, nikakifunga kwenye keria katikati ya pampu na maji. Beba hiki pia, nikajiambia kwa sauti, nimechuchumaa uani.

Leo asubuhi nilishuka pale njia panda, nikapangusa madigadi kwa ncha ya kitenge ili namba zisomeke. Nyachuol aliinama juu ya moto wake, akazisoma zote mbili, midomo ikichezacheza. Akaitazama ya juu kwa muda mrefu. Kisha akatoa simu yake, akaipiga.

Gari la maji likapita. Vumbi likainuka, jekundu, likatufunika sote, mimi, yeye, birika, baiskeli, sikuona hata mkono wangu. Na humo ndani ya vumbi, nyuma yangu, kwenye keria yako, simu ikaanza kulia.

Nilivuta mipira ya tyubu. Ililia, ikalia, nikaogopa itakatika.

"Haloo," nikasema. "Ndiyo. Mimi ndiye mke wake. Msimwache hapo, nakuja."